Sauti ya Mama wa Maji

Nilipomaliza chuo nikakaa nyumbani bila ajira, rafiki wa kaka yangu alinipa kazi ya kuwa wanawake wote. Yeye alikuwa mtafsiri wa filamu. Alichukua filamu za nje, akaweka sauti yake ya Kiswahili juu ya zile za asili, na nakala zikasambaa kwenye vibanda umiza vya Dodoma na vijiji vya jirani, watu wakabanana kwenye mabenchi kutazama. Wanaume alikuwa akiwasema mwenyewe, watoto kwa wazee. Wanawake ndio walimshinda. Malkia akilia kwa sauti ya dume, kibanda kizima kinacheka.

Tulirekodia chumba cha uani, kuta zimebandikwa trei za mayai, dirisha limezibwa kwa godoro. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tamthilia ndefu ya wafalme wa Ulaya ya kale. Majina yao yalitukwaza ulimi, kwa hiyo mtafsiri aliyatupa yote, akambakishia kila mtu cheo chake. Kulikuwa na Mfalme, aliyechomoa upanga kwenye jiwe angali kijana asiyejua amezaliwa na nani, wakati wenye misuli yao wameshindwa. Kulikuwa na Mganga, mzee aliyemlea, aliyeona ya mbele ya kila mtu. Kulikuwa na Malkia, na Shujaa Mkuu, kipenzi cha Mfalme, ambaye alimpenda Malkia mpaka nchi ikagawanyika. Kulikuwa na Dada wa Mfalme, mwenye kinyongo kisichopoa. Huyo nilimsema vizuri kiasi kwamba mama mmoja wa sokoni, aliponitambua kwa sauti, alinisihi nimwache kaka yangu atawale kwa amani.

Na kulikuwa na Mama wa Maji. Alikaa ndani ya ziwa, na ndiye aliyempa Mfalme upanga wake wa pili. Hatukuwahi kumwona uso. Mwishoni, Mfalme amejeruhiwa vitani, hawezi kusimama, anamtuma shujaa mwingine, pekee aliyebaki hai, autupe upanga ule ziwani. Shujaa anauonea huruma, anauficha, anarudi na uongo. Mfalme anamrudisha. Hatimaye anautupa, na mkono wa mwanamke unatoka majini, unaudaka, unazama nao polepole. Hakuna neno. Mtafsiri hakupenda kimya. Alisema watu wakisikia kimya wanadhani sabufa imekufa. Aliniambia niseme chochote. Nikasema, "Nimechukua kilicho changu." Tukaendelea.

Baada ya wiki kadhaa alikuja mwanamume wa makamo, amevaa koti jeusi lililojaa vumbi la barabarani. Alitoka Hombolo, analima zabibu. Aliuliza kwa adabu ni nani anayemsema yule mwanamke wa ziwani. Nilipomwambia ni mimi, aliniuliza kama mimi ni Mgogo, mwenyeji wa pale. Nikamwambia hapana, sisi ni watu wa Bukoba, baba alihamia Dodoma serikali ilipohamia. Kigogo nilijua salamu tu.

Akatoa flashi mfukoni, akaomba tuichomeke.

Ilikuwa nakala yetu, haina tofauti. Upanga uliruka, mkono ukaudaka. Nikajisikia nikisema, "Nimechukua kilicho changu." Mkono ukazama. Halafu, maji yakiwa yanatulia, nilijisikia nikisema tena. Ilikuwa sauti yangu, na ule mkwaruzo mdogo nilio nao tangu utotoni. Ilisema maneno machache kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwa lugha nisiyoijua.

Mtafsiri alirudisha nyuma, akacheza tena. Mgeni wetu aliinamisha kichwa. Alipokiinua, alitutafsiria yale maneno ya Kigogo: "Mama, usiningoje tena mlangoni."

Alieleza kwamba dada yake alikwenda kufua bwawani, miaka mingi iliyopita. Nguo zilikutwa zimeanikwa kwenye majani, ndoo iko palepale, sabuni ipo juu ya jiwe. Yeye hakuonekana, wala mwili. Tangu hapo mama yao hukaa mlangoni, na mlango haufungwi. Juzijuzi mama alikuwa akipita nje ya kibanda umiza cha jirani, akasikia yale maneno. Akaingia, akakaa benchi la mbele, hakutaka kuondoka.

Tulifungua rekodi yetu ya asili kwenye kompyuta. Baada ya sentensi yangu kulikuwa na sauti ya maji tu. Mtafsiri alisema labda faili zimeingiliana na kazi nyingine, lakini alilisema hilo akiwa anafuta jasho. Hakuwahi kurekodi kitu kwa Kigogo.

Mgeni aliniomba niende kwa mama yake. Nilienda kesho yake asubuhi, kwa pikipiki yake. Nyumba yao ilikuwa tembe ya zamani yenye paa la udongo, na kutoka mlangoni bwawa lilionekana, jeupe kwa jua. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono na kuugeuza kiganja juu, kama anayetafuta kitu. Kiswahili chake kilikuja taratibu.

Kwanza aliniuliza habari za yule Mfalme. Alitaka kujua kama alipona. Nikamwambia wanawake walimpakia kwenye mashua wakaondoka naye ukunguni, na kwamba watu wa kwao wanasema hakufa, amelala mahali, siku moja atarudi.

"Bado wanamngoja?" akauliza.

"Wanasema hivyo, bibi."

Akatazama bwawa. Kisha aliniambia niseme yale maneno. Nilipomweleza kwamba siyajui, alinifundisha, neno kwa neno, akinisahihisha kwa uvumilivu. Mwanawe alisimama kando ya ukuta amekunja mikono. Nilipoweza, niliyasema yote kwa mfululizo, na hata mimi nilisikia kwamba yalitoka vizuri.

Alitikisa kichwa.

"Sauti ni yako," alisema. "Lakini siyo wewe uliyesema."

Nikamuuliza, kwa woga, kama basi ni binti yake.

"Siyo yeye. Yeye angeniita jina la nyumbani. Huyu ametumwa tu. Lakini aliyemtuma yuko na binti yangu, huko majini."

Hakulia. Aliinuka kwa kushika fremu ya mlango, akasogeza kigoda ndani, akaniambia nile ugali kabla ya safari. Tulikula kwa mlenda, na hakuna aliyelitaja tena jambo lile. Nilipotoka, alifunga mlango nyuma yangu. Mwanawe alibaki akiutazama kana kwamba haujui.

Alinipigia mara moja baadaye, kunijulisha kwamba mama analala vizuri na mlango unafungwa kila jioni. Mtafsiri aliikata sehemu ya mkono kwenye nakala zote mpya, upanga ukabaki unaruka hewani bila kutua. Wateja walilalamika kidogo, wakazoea. Mimi niliendelea na filamu nyingine kwa muda, kisha nikapata kazi ya ofisini kwenye mji wa serikali, Mtumba. Wenzangu wa Kigogo wananifundisha lugha yao, wananisifu kwamba natamka vizuri. Sijawaambia ni sentensi gani nilijifunza kwanza.