Leo Hayanuki

Rafiki yangu, sogea nikwambie, maana wewe najua hutanicheka.

Siku ile nilikuwa naanika mihogo uani kwa mume wangu, ng'ambo ya Ruvuma, nilikoolewa kutoka kwetu Msimbu, Kisarawe. Mama mkwe ananitania: "Mihogo ya Kisarawe michungu kama wasichana wake." Mwanangu Swalehe, miaka mitatu, anacheka asichokielewa.

Tukasikia risasi.

Nilibeba mtoto, ndoo, na chupa ya dawa ya kusafishia maji ya kunywa niliyopewa kliniki, mama mkwe nyuma yangu. Mume wangu alirudi kumchukua baba yake. Hatukumwona tena.

Porini tulipata dimbwi. Maji mekundu kama chai, majani yameozea humo. Nikasema bismillahi, nikatia kifuniko kimoja cha dawa, nikafunika. Swalehe alikuwa haipendi harufu ya dawa hata nyumbani. Asubuhi akanusa kikombe, uso ukamng'aa.

"Mama, leo hayanuki!"

"Alhamdulillahi, baba. Kunywa."

Nilijua Mungu katuhurumia.

Akaharisha siku mbili.

Tukamzika ndani ya kanga yangu.

Miaka imepita. Sasa nimevuka kurudi upande wa kwetu, naishi Soga na mama mkwe, jioni nasoma darasa la watu wazima. Siku moja mwalimu akasema uchafu wa majani unakula dawa. Harufu ikiisha yote, ujue dawa nayo imeisha. Maji ya namna hiyo kwanza yatulizwe kwa shabu, lile jiwe jeupe la dukani, uchafu ukae chini, yachujwe, ndipo yatiwe dawa.

"Shabu hii ya kwapani, mwalimu?" mwenzetu akauliza. Darasa zima likacheka.

Mimi nilikiona kile kikombe.

Nikarudi nyumbani. "Mama, nilimnywesha mwenyewe."

Akanishika mkono. "Na mimi nilikunywa ndoo ile ile, mwanangu. Ulitupa ulichokuwa nacho."

Kila alasiri maji ya lambo tunayakoroga na shabu, tunayaacha yatulie, nachuja, natia dawa. Tunasubiri nusu saa. Mama ananusa.

"Harufu ipo?"

"Ipo kidogo."

Ndipo tunakunywa.

Ajali ni ya Mungu, sibishani naye. Ila natamani ningejua. Kwa hiyo, rafiki yangu, usikae na habari hii peke yako. Mwambie jirani mwenye mtoto: maji yakiwa rangi ya chai, na dawa umetia, halafu hayanuki hata kidogo, asifurahi.