Bao la Ludo la Wifi Yangu

Mwenye ukurasa, jina langu limeze, maana hapa Mpendae tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mjane wa miaka sabini na tano. Mwezi ujao, inshaallah, ninakwenda Hija.

Juzi mjukuu wangu wa kike alizima gemu alilonunuliwa na shangazi yake. Nikamuuliza kama limeharibika. Akaniambia, "Ni zima, bibi. Linachezeka, ila picha zake mbovu, halina raha." Wazee wenzangu wangemcheka. Mimi nilimwelewa, na chakula kikanishinda.

Miaka ile baada ya Mapinduzi nilikuwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, nakaa na mume wangu Mji Mkongwe. Alasiri za Ramadhani wanawake wa mtaani walikuja ukumbini kwangu kucheza ludo, tusahau njaa mpaka magharibi. (Mtakaosema dadu na saumu wapi na wapi, hilo nimeshalitubia.) Walifuata bao langu. Lilitoka Ulaya, karatasi yake inang'aa, nyekundu ni nyekundu kweli, pembeni maua na tausi. Kete yako ikifika nyumbani unajiona umeingia kasri. Mchezo wa ludo ni ule ule popote, lakini macho nayo yanataka futari yake.

Mwaka mmoja likamwagikiwa maji, likafumuka. Madukani wakati huo hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha, sembuse ludo. Ndipo wifi yangu, mdogo wake mume wangu, nitamwita Zuwena, akanichorea jipya. Alikuwa na miaka kumi na saba, amechumbiwa na kijana wa Jambiani, nitamwita Makame, na walipendana. Shaabani nzima aliinamia ubao wa sanduku la chai: njano ya binzari, buluu ya nili ya kufulia, nyekundu ya hina, kijani cha kisamvu. Lilikuwa baya. Hata leo nasema lilikuwa baya. Njia zimepinda, kijani kimegeuka tope, binzari inaganda vidoleni.

Siku ya tatu ya Ramadhani jirani mmoja akatazama mikono yake, akasema, "Leo nnacheza ludo au nnaosha sahani ya mchuzi?" Wakacheka, na Zuwena yupo. Mimi nilicheka kuliko wote. Kesho yake walikuja wawili. Keshokutwa hakuja mtu.

Alasiri hiyo alikuja mama yake Makame kutuletea tende. Akaliangalia bao, akasema, "Mkwe wangu ana subira, mashaallah." Zuwena hakumsikia, alikuwa amekwenda kuteka maji. Mgeni alipoondoka nikalivunja lile bao, nikalitia mafigani chini ya sufuria ya muhogo. Zuwena alirudi likiwa halijesha kuungua.

"Wifi, bao langu?"

"Mama mkwe wako huyo. Kasema mkono uliochora uchafu huu hautomlisha mwanawe. Nkaona haya, nkalichoma."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Hapana, najua. Nilitaka kulichoma, na nilitaka asinichukie.

Hakulia. Kwetu mchumba huletewa zawadi ya Idd kutoka kwa kina mume, na kuirudisha ni kuvunja posa. Kanga na bangili zilipoletwa, Zuwena akazirudisha na ujumbe, "Wapelekeeni wenye mikono mizuri." Kule Jambiani hawakuelewa. Walichojua ni kwamba wamekataliwa na kutukanwa. Makame akaoa kabla ya mwaka kwisha. Mama yake amekufa bila kujua alikosa nini.

Ningeweza kusema siku ile ile. Niliogopa talaka, maana mume wangu alimpenda sana mdogo wake. Baadaye nikaona faida. Zuwena hakuolewa, akabaki kwetu, akanilelea watoto sita, akamuuguza mume wangu mpaka akazikwa. Nilipata mtumishi wa maisha, na nikajiona nina bahati. Nitukaneni mtakavyo.

Sasa, anayekwenda Hija huomba radhi kwa watu. Nimezunguka mtaa mzima. Zuwena nilimwacha wa mwisho, ingawa tunalala nyumba moja.

"Wifi," nikamwambia, "nnakwenda. Nisamehe nililokukosea."

Akacheka. "Wewe una kosa gani kwangu? Nshakusamehe yote, unayoyajua na usiyoyajua."

Nikapumua. Ndipo akanishika mkono.

"Lakini na mie nna haja yangu. Ukifika kwenye Kaaba, niombee dua moja tu. Aliyenitenga na Makame, Mungu asimpe radhi, akiwa hai au maiti. Niahidi, wifi."

Nikamwahidi.

Zimebaki wiki tatu. Nikimwambia, nitamnyang'anya mtu pekee aliyebaki naye duniani. Nisipomwambia, nimebeba radhi ya mtu asiyejua amesamehe nini. Nishaurini, jamani: nikae naye chini niseme, au niende nikasimame mbele ya Kaaba nikajilaani kwa ulimi wangu mwenyewe, kama nilivyomwahidi?