Mshona Mifarishi Aliyecheza na Mtungi Wake

Jua limeshaingia uani, na Savrinisso Boymatova ameketi mlangoni akidunga sindano kwenye kitambaa chekundu cha hariri. Mrija mwembamba unatoka puani, unapita begani na kuingia chumbani, inakonguruma mashine ya oksijeni.

"Huyo wa ndani ni mke mwenzake," anasema mumewe, mzee Mirzosharif, akimimina chai. "Anakoroma kumshinda mkubwa."

"Lakini hakusemi kwa majirani," anajibu Savrinisso bila kuinua kichwa. Anacheka, anakohoa, anatulia, kisha anashona tena.

Hapa Istaravshan, mji wa Tajikistan, bibi harusi haendi kwa mume bila mifarishi, matandiko mazito ya pamba ya kulalia. Savrinisso, mwenye miaka sitini na mmoja, amewashonea mabinti, na kabla yao mama zao. Miaka yote hiyo alichapa pamba kwa fimbo chumbani, madirisha yamefungwa, vumbi limetanda, na kikohozi akakiita mafua. Siku aliposhindwa kuvuka ua wake mwenyewe, daktari alimwambia mapafu yamechakaa na hayatarudi yalivyokuwa. Pamba asiikaribie tena.

Akajifungia kipupwe kizima. "Niliona haya," anasema. "Nilijua watasema, tazameni, Savrinisso katiwa kamba puani kama ng'ombe."

Aliyemtoa ni jirani yake, Oyniso, aliyekuwa akimwoza binti. Aliingia bila hodi.

"Shoga, mwanangu alalie nini, majani?"

"Nimekatazwa pamba."

"Nani kakwambia uiguse? Tutaichapa kwangu. Wewe kata, shona, na tukikuletea kazi mbovu ututukane."

Akawatukana wiki nzima. Mifarishi ikatoka ya kupendeza.

Harusini alikwenda na mtungi mdogo wa oksijeni, mumewe kaubeba. Matari yalipolia, mikono ya Savrinisso ikainuka yenyewe, naye akainuka nayo. Mrija ulikuwa mfupi. Mzee Mirzosharif, ambaye hakuwa amecheza tangu harusi yake mwenyewe, ikambidi amfuate kila alipogeuka, mtungi kaukumbatia kifuani.

"Mzee, legeza mabega!" wanawake wakapiga kelele.

"Nikilegeza nitaangusha pumzi ya mke wangu!"

Watu wakavunjika mbavu. Katikati ya wimbo miguu ilimwishia nguvu Savrinisso, wakamketisha. Akaendelea kucheza kwa mikono tu, machozi yakimtiririka.

"Tangu siku ile sijifichi," anasema. "Anayetaka kuutazama mrija, autazame ashibe."

Kazi zimerudi. Zipo siku kifua kinabana hata sindano haishikiki, na umeme ukikatika mzee hukimbilia mtungi viatu mkononi. Lakini mwezi wa tano mpwa wao Mehrangez anaolewa, na kila baada ya chai Savrinisso hutembea hadi getini na kurudi, polepole, mumewe nyuma.

"Safari hii nacheza mpaka wimbo uishe."

"Na mgongo wangu je?"

"Ndiyo maana tunafanya mazoezi," anasema, akiweka sindano chini na kumnyooshea mkono. "Haya, bwana harusi. Simama."