Macho ya Mama Mdogo

Nilimtandika mwongozaji wa filamu yetu ngumi ya mdomo mbele ya mama yangu mdogo, na hadi leo sijutii.

Ilikuwa Mpanda mjini, kwenye chumba kilichopo nyuma ya duka la vitenge. Zamani kilikuwa stoo ya tumbaku iliyotoka mashamba ya Katumba na harufu haijaisha. Fundi wa kurekebisha rangi za filamu alikuja na projekta yake kutoka Dar, akapaka kuta rangi ya kijivu, akaziba kila tundu la mwanga, akapima skrini kwa kifaa chake mpaka akaridhika. Humo ndani, alisema, nyekundu ni nyekundu kweli. Hata nguo ya kung'aa hakuruhusu, maana inarudisha mwanga kwenye skrini. Mama mdogo alipoingia na kitenge chake cha njano alifunikwa shuka nyeusi mpaka shingoni. Akauliza kama tunamzika.

Yeye ndiye aliyecheza bibi anayeuawa. Si mwigizaji, ni mkulima wa mpunga wa kijiji cha Mamba, na mimi ndiye niliyemwomba. Kwenye filamu bibi ana macho mekundu, basi wanasema ni mchawi, wanamfuata na mapanga. Upuuzi mtupu. Macho yale ni moshi wa kuni wa miaka na miaka, kila anayepika kule anajua. Lakini mama mzazi wa mama mdogo, yaani bibi yangu, walimkata kwa upuuzi huohuo. Nilimkuta mlangoni, mkono mmoja umeshikiliwa na ngozi tu. Nilikuwa bado shule ya msingi.

Picha zikaanza. Panga likapanda, likashuka, damu ikaruka ukutani, nzito. Kisha uso wa mama mdogo ukajaa skrini nzima, macho mekundu kama pilipili. Filamu ile ilikuwa ianze kuonyeshwa kijijini kwake, na majirani zake wangemwona hivyohivyo.

Nikamwambia fundi ayafanye meupe. Akasema hajaongeza kitu, ndivyo yalivyo. Mwongozaji akadakia kwamba rangi hiyo haiguswi, watu lazima washtuke. Nikamuuliza wakishashtuka, nani atalala nyumba moja na mama mdogo kumlinda usiku. Akacheka kidogo, akasema nisilete mambo ya ukoo kazini.

Hapo mori ukanipanda. Nikamkwida ukosi, nikampiga, akaangukia spika, mdomo ukamwaga damu. Nikamrukia tena pale chini, nikamkandamiza koo kwa goti, na kama fundi asingenivuta nywele ningemmaliza. Nasema kweli, nilitaka afe.

Fundi akayafanya meupe bila kuambiwa mara ya pili. Pale kwenye skrini mama mdogo akawa na macho ya mtoto mchanga. Nikapumua.

Mama mdogo akavua ile shuka, akaja kusimama mbele yangu, kwenye mwanga wa projekta.

"Yale umeyasafisha, mwanangu," akasema. "Haya ya hapa utayapaka nini?"

Nililia kwa hasira. Yeye hakulia. Alimwambia fundi ayarudishe yalivyokuwa: wamwone anavyouawa, halafu wageuke wamwangalie yeye mwenyewe usoni, kama wana haya. Mwongozaji alikuwa bado anatema damu kwenye leso. Fundi akayarudisha mekundu.

Tukaenda Mamba. Uwanja ulijaa, akina mama na watoto wamekaa chini mbele, wanaume wamesimama nyuma. Panga liliposhuka kwenye skrini, nyuma yetu wanaume wawili wakaanza kunong'ona. Mama mdogo alitazama filamu yake mpaka mwisho. Mimi sikuiangalia hata kidogo. Nilikaa pembeni yake, panga la baba nimelificha chini ya khanga, nikiangalia mikono ya watu.