Mke wa Mwenye Bani

Kijijini Usoke, ukiwa na bani lako mwenyewe la kukaushia tumbaku, wewe ni mtu. Si lile la udongo na nyasi ambalo mvua ya kwanza inalilaza chini, hapana. Bani la matofali ya kuchoma, lenye mabomba ya bati ya kupitisha joto na mlango unaofungwa kwa kufuli. Raymundi alikuwa nalo. Alilijenga enzi tumbaku ilikuwa tumbaku, mkewe Flavia akimtekea maji ya kufyatulia matofali huku ana mtoto mgongoni. Sasa tumbaku haina maana, ukuta wa nyuma umepasuka, na nyumba wanayolala inavuja kuliko hata hilo bani. Lakini pita pale na mgeni uone: Raymundi atamwonyesha bani kwanza, kiti baadaye. Usimcheke. Kila mtu ana kitu chake kinachomfanya atembee kifua mbele.

Flavia alikuwa mgonjwa. Jioni miguu ilimvimba, na akitoka kisimani na ndoo alikuwa anasimama njiani kutafuta pumzi. Akiulizwa alisema ni moshi wa bani. Raymundi aliupenda uongo huo, maana haukudai nauli. Muuguzi wa zahanati, dada mmoja anaitwa Najiat, alishamwambia Flavia waziwazi: "Mama, huu si moshi. Nenda Tabora wakakupime moyo." Sasa Tabora unakwenda na nini?

Ndipo ikaja habari ya bima. Tangazo lilisema serikali itazilipia bima ya afya kaya zisizojiweza, na majina yatasomwa mbele ya mkutano wa kijiji ili wananchi wenyewe waseme nani anastahili. Idrisa, mtendaji wa kijiji, akasimama kusoma. Alipotaja kaya ya Raymundi, Flavia, aliyekuwa amekaa chini na wanawake wenzake, alipiga kigelegele. Kilimtoka tu, wala hakukipanga.

Basi pale alikuwepo Silasi, fundi baiskeli. Silasi ni Mgogo, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, mababu wa Kinyamwezi walipokuwa wakikatiza Ugogo na mizigo kichwani na kutozwa hongo hata ya maji ya kunywa. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Silasi akapaza sauti kutoka nyuma:

"Jamani Wanyamwezi! Leo hata bani limepanga foleni ya sadaka!"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Ilikuwa zamu ya Raymundi kujibu. Angemwambia kwao Ugogo hata mvua inapita bila kusalimia, watu wangecheka tena, mambo yangekwisha. Ndivyo utani unavyokwenda, na hakuna aliyeujua kuliko yeye. Sijui shetani gani alimpitia siku ile. Alisimama, akavua kofia.

"Mtendaji, nifute. Mwenye bani haitwi maskini. Mpe anayehitaji."

Na watu wakampigia makofi! Ee, makofi kabisa. Flavia aliinamisha kichwa, akawa anasokota upindo wa kanga yake.

Walikuwa wanakaribia nyumbani ndipo aliposema, kwa pumzi za kuazima, "Baba Julieth, bani halipumui. Anayepumua ni mimi."

"Tumbaku ikiuzwa nitakupeleka Tabora. Kwa hela yangu. Utaingia hospitali kama mke wa mtu."

"Haya," alisema Flavia.

Jioni ile Silasi alikuja hadi mlangoni, hana hata chembe ya mzaha usoni. "Mtani, ule ulikuwa utani. Kesho nenda kwa Idrisa mwambie umebadili mawazo. Mficha uchi hazai, bwana." Raymundi alicheka kikubwa, akampa kiazi cha kuchoma, akamwambia arudi kwake akazibe pancha. Alijua kabisa mwenzake anasema kweli. Lakini neno likishatoka mbele ya mkutano, na likapigiwa makofi, kulimeza tena ni kazi kuliko kubeba gogo.

Soko la tumbaku likachelewa. Leo wanunuzi wanakuja, kesho hawaji. Flavia aliendelea kupanga majani kwa madaraja, kwanza amesimama, halafu amekaa, halafu anafanya akiwa ameegemea ukuta. Asubuhi moja Raymundi alimkuta ameangukia kwenye majani, midomo imekuwa ya buluu.

Hapo ndipo mwanaume alipojua kukimbia. Aliyang'oa mabomba ya bani kwa mikono yake, akamuuzia mtu wa Urambo kwa bei ya kutupa, akakodi gari. Mjini Tabora binti yao Julieth, anayekaa mtaa wa Cheyo, alikuwa anawasubiri kwenye geti la hospitali. Daktari alimpima Flavia, akamvuta Raymundi pembeni. Alimweleza taratibu kwamba moyo wa mama umetanuka, na kwamba ugonjwa huu una dawa za kumeza kila siku, watu wanaishi nazo miaka. Ila inabidi kuwahi, mzee. Kuwahi.

Flavia hakumaliza wiki. Alikata roho wakati Julieth ametoka kumtafutia uji.

Walimrudisha Usoke, katekista akasali, jeneza likashushwa. Kwa desturi hapo mtani huleta vurugu zake: anaweza hata kuruka kaburini, akasema marehemu hazikwi mpaka yeye mtani alipwe, hadi wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Watu wakampisha Silasi. Alisogea hadi ukingoni, akafungua kinywa, kikabaki wazi, kisha akaanza kulia kama mtoto. Mtani akilia msibani, hakuna tena wa kuwafuta machozi wengine.

Baada ya maziko Idrisa alikuja kuketi mkekani karibu na Raymundi.

"Pole sana, mzee wangu."

"Nimeshapoa."

"Mzee, kuna neno nimelibeba, limenishinda. Kesho yake baada ya ule mkutano, mama alikuja ofisini. Aliomba nilirudishe jina. Nikamwambia aliyekataa ni mkuu wa kaya, mbele ya watu, basi inabidi aje mwenyewe aseme neno moja tu, mimi naandika. Nikamwambia nitakuja hapa nyumbani tuzungumze."

Raymundi alimgeukia. "Mbona hukuja?"

"Alinikataza." Idrisa alikuwa anatazama mikono yake. "Alisema, 'Mwache, mtendaji. Tumbaku imekufa, watoto wameondoka, mzee wangu kabaki na kile kiburi chake tu. Ukimnyang'anya na hicho, atabaki na nini? Mimi nitasubiri soko.'"

Raymundi aligeukia mlango wa nyumba. Kisha akaita, "Flavia!" kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia jikoni miaka yote. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo nyuma ya nyumba wakanyamaza. Akaita tena.