Gari Jekundu Alilolifuta Mjomba

Juzi, nyumbani kwa dada yangu Kisarawe, nilimkuta mwanawe akicheza ule mchezo wa magari wa utoto wangu, mchezo wa Windows, kwenye kompyuta ya Linux, mfumo mwingine kabisa wa kuendeshea kompyuta. Hasira ikanipanda upya.

Mchana mmoja wa utoto wangu, kwetu Kibaha, sebule yetu ilinuka vumbi lililoungua ndani ya kompyuta. Mjomba Shabani alikuwa ameitwa kuondoa virusi. Akaifuta Windows yote, akaweka Linux. Mchezo wangu ukatoweka. Nilidhani ameutia kwenye mkoba wake, nikahesabu CD zilizomo mara mbili: kumi na moja, kumi na moja.

"Mjomba, nirudishie gari jekundu tu. Barabara baki nazo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mtoto dalali wewe! Mchezo huo hauingii kwenye Linux. Haiwezekani."

Nililia hadi kwikwi, na miaka yote nikamwamini.

Juzi hiyo mpwa wangu akanionyesha kijiprogramu kinachouendesha mchezo huo kwenye Linux, na kumbe kilikuwepo tangu enzi zile. Nikampigia mjomba palepale.

"Nilikijua," akasema. "Ila kazi yake ilikuwa ya saa nzima, na mechi ilikuwa inaanza."

Nikakata simu bila kumuaga, mkubwa wangu yule, na sijutii.