Blanketi kwenye Waya wa Baba

Enzi zile zetu mtaani Mowlem, kabla ya maghorofa kuziba jua, nyumba ilijulikana kwa paa lake. Wenye televisheni walisimamisha antena, na sisi watoto tukajua jioni tutabisha mlango upi. Mlingoti wa kwetu ulizishinda zote kwa urefu, na hatukuwa hata na televisheni. Ulikuwa wa redio ya Baba. Si ile ya kusikiliza taarifa ya habari, bali ile ya kuongea na watu wa mbali wenye redio kama yake. Baba alikuwa karani wa reli. Kibali alikihangaikia hadi soli za viatu zikaisha, redio akaiunga kwa mikono yake, kisha asubuhi moja akapanda juu ya mabati kuufunga mlingoti, Mama akishika ngazi na kuomba kwa sauti. Kutoka juu kule waya wa kurushia sauti uliteremka hadi kwenye nguzo fupi karibu na mfereji wa maji wa ploti, ua wetu wa vyumba vya kupanga.

Kila Jumamosi Baba alivaa shati la ofisini, akaketi mbele ya redio na kuita: "Hapa Mowlem, Nairobi. Kuna anayenisikia?"

Hakuna aliyejibu. Wiki baada ya wiki tulisikia mvumo tu, kama maandazi yakikaangwa. Wenzangu walianza kuniuliza kama babangu anaongea na hewa, nami nikapigana na wawili kwa sababu hiyo. Mama alisema mvumilivu hula mbivu, ingawa hata yeye alishaanza kuiangalia redio ile kwa jicho baya. Kilichoniuma ni kumwona Baba akiizima na kulivua shati lile la ofisini.

Jumamosi moja alitoka kunywa maji, akasimama ghafla. Waya wake ulikuwa umebeba blanketi mbili na shuka za Mama Mutua, jirani wa ukuta mmoja nasi, zote zikichuruzika maji. Jumamosi ndiyo siku ya kufua, na kwetu waya ukivutwa kutoka huku hadi kule ni wa kuanika nguo. Ulikuwa umelegea hadi karibu uguse ardhi. Sauti ya Baba ingefika wapi?

Angeweza kufoka, lakini hakuwa mtu wa hivyo. Alimwita Mama Mutua, akamweleza polepole na kumwonya kwamba waya ule ungeweza kumchoma.

"Baba Nekesa, si ungesema?" Mama Mutua akajibu, akimwita kwa jina langu. "Sisi tulidhani umetuwekea kamba."

Jumamosi iliyofuata ploti nzima ilijitokeza. Mume wa Mama Mutua, aliyekuwa dereva, alileta mlingoti wa pili. Wakausimamisha kando ya mfereji, waya ukapaa mahali ambapo mkono wa mtu haungeufikia, na chini yake Baba akafunga kamba mpya ya nguo, ya kila mtu. Kisha hakuna aliyeenda kwake. Walijazana chumbani kwetu, wengine wakichungulia dirishani, na kelele hazikuisha hata Baba alipoanza kuita.

Mvumo ukakatika. Mwanamume aliyejitambulisha kuwa yuko Tabora, Tanzania, akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mowlem, nakusikia vizuri. Uko na nani hapo?"

Baba aligeuka, akatutazama sote. Mama Mutua akamgusa bega.

"Mwambie tuko wengi."

Siku hizi naishi mtaa wa Pipeline, kwenye ghorofa. Vijana wangu wanaongea na dunia nzima wakiwa wamelala, na mtandao ukikwama kidogo ni kilio cha matanga. Jirani wa mlango wa pili hawamjui jina. Mlingoti wa Baba bado umesimama Mowlem katikati ya madishi ya televisheni, na kwenye kamba ile nguo bado zinaanikwa. Nikipita pale najivuna waziwazi, sijifichi. Nikiulizwa nilikokulia, nataja jina lote kama Baba alivyolitaja: Mowlem, Nairobi. Kisha nangoja, lakini hakuna anayeuliza, kama yule wa Tabora, nilikuwa na nani.